Barakoa Namba 17: Maisha ya Kaka Yetu Upepo

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa nyuma ya kiwanda cha mbao, wafanyakazi wa kikosi cha kuzima moto wa misitu, na wewe mkuu wa kituo uliyekaa mstari wa mbele, poleni kwa jua, na poleni zaidi kwa sababu ratiba mliyoshika inasema hapa itasomwa historia fupi ya marehemu, nayo si fupi. Ile fupi ipo, kurasa mbili, imechapwa vizuri kwenye karatasi nzito, ililetwa nyumbani juzi Alhamisi na dereva wa ofisi, maneno yote tayari, ili familia isijisumbue. Familia imeamua kujisumbua. Hii mtakayoisikia imeandikwa kwa mkono juu ya meza ya cherehani, na mdogo wa kike wa marehemu, fundi nguo, ambaye ndiye huyu anayewasomea, na sauti yake ikikatika njiani mtamvumilia, ataendelea.

Kaka yetu alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Machi 1974, saa tatu asubuhi, katika zahanati ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne wa baba mpasua mbao na mama mshonaji. Karatasi ya ofisi inasema marehemu alikuwa na kifua cha kurithi. Baba yetu yupo pale kwenye kiti cha mkono, ana miaka sabini na tisa, amepasua mbao miaka arobaini, na aliyewahi kumsikia akifukuza mbuzi kwenye bustani yake anajua mapafu yake yakoje. Mama alituacha mwaka 2008 kwa presha. Kwa hiyo hicho kifua tunauliza, kilirithiwa kwa nani?

Alianza darasa la kwanza Januari 1982, katika shule ya msingi iliyo mkabala na kiwanda, akakalishwa dawati moja na mtoto wa nyumba yenye geti la bluu, na hapo dawati lilipowakutanisha hawakuachana tena, walikuwa chanda na pete, walichapwa pamoja, walitoroka pamoja, mmoja akipewa adhabu ya kuchota maji wa pili anabeba ndoo bila kuambiwa. Yule mtoto wa geti la bluu ndiye mnayemjua leo kwa jina la Bwana Stoo. Mtamsikia tena na tena katika historia hii, na hatukupenda iwe hivyo.

Aliendelea na sekondari kuanzia mwaka 1989 hadi 1992, na jina la Upepo alilipata huko, kidato cha pili, siku mwalimu wa jiografia alipowasha rundo la majani uwanjani ili aonyeshe moshi unavyopanda, kaka akalowanisha kidole kwa mate, akakiinua, akasema, "Mwalimu, sogea, unakuja kwako." Mwalimu akamwambia afunge mdomo, na haikupita dakika moja akatoka ndani ya moshi huku machozi yanamchuruzika, shule nzima mbavu hawana. Tangu siku hiyo hata baba alimwita Upepo, na kile kidole alikiinua kabla ya kila safari, hata ya kwenda dukani kununua chumvi, mpaka baadaye mkewe, wifi yangu, akawa anamwambia, "Wewe nenda tu, chumvi haipeperuki."

Tarehe 3 Februari 1997, siku ya Jumatatu, aliajiriwa katika kikosi cha kuzima moto wa misitu, yeye na Bwana Stoo, siku moja, foleni moja, buti za namba moja. Mwenzake alikaa mlimani misimu miwili, akaumia goti, akapewa funguo za stoo, na kaka alifurahi kuliko yeye, akasema sasa tuna mtu wetu ndani. Yeye alibaki kwenye moto. Wengi wenu mnadhani kazi ile ni kukimbizana na miali, na kweli ipo, kukata mkanda wa kuzuia moto kwa jembe na panga, kubeba bomba la maji mgongoni, kuupiga moto wa nyasi kwa mapigio ya mpira, lakini kaka alikuwa akitueleza kwamba miali haimmalizi mtu, kinachommaliza ni masalia. Masalia ni ile kazi inayofuata miali ikishalala, siku tatu, siku nne, kikosi kinapita gogo kwa gogo, kisiki kwa kisiki, kinachimbua makaa na kuyamwagia maji, na moshi unatoka ardhini taratibu hauna haraka na mtu, wao wamesimama ndani yake kutwa nzima, kichwa kinagonga kana kwamba kimefungwa kamba, na jioni wanasema ni uchovu tu.

Dhidi ya moshi huo walikuwa na vitu viwili. Cha kwanza maziwa, nusu lita kila mtu wakirudi kituoni, kwa sababu iliaminika kikosini tangu enzi hizo kwamba maziwa husafisha kifua. Cha pili kitambaa. Mwaka 1999 kaka alikuja na kipande cha khaki kilichochanika, akamwambia mdogo wake, "Fundi, nitengenezee kitu cha maana, hiki kinanifanya nionekane mwizi." Mdogo wake akakata pamba nyekundu, akaiweka tabaka mbili, akatia pindo, akashona na kamba za kufungia nyuma ya shingo. Kikosi kizima kilikitaka. Ameshona vitambaa mia mbili na kumi na nne tangu mwaka ule, kwa mkono wake, kwa sifa na kwa furaha, na kila kimoja alikipiga pasi. Maelekezo yalikuwa ya kaka: kilowanishe, kifunge puani, ingia. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo alivyowafundisha wengine, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza kama kinazuia kitu.

Tukija kwenye ndoa, marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 15 Desemba 2001 na mpokea simu wa kituo, yule dada mwenye sauti ya upole aliyekuwa akipokea taarifa za moto na kuzirusha kwenye redio ya upepo. Uchumba wao uliendeshwa hewani, kikosi kizima kikisikiliza, maana kaka akimaliza kuripoti kwamba moto wa bonde la tatu umedhibitiwa aliongeza, "Na wewe umekula?" Siku aliyojibiwa, "Nimekula, wewe rudi salama," walipiga vigelegele mlimani, wanaume kumi na tisa wenye masizi usoni. Msimamizi wa bwana harusi alikuwa Bwana Stoo, ndiye aliyemfunga tai, maana kaka hakujua kufunga tai mpaka leo alipovalishwa na wengine.

Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza binti, aliyezaliwa tarehe 20 Mei 2003, sasa yuko chuo cha ualimu, wa pili kijana, tarehe 2 Agosti 2006, na kitinda mimba wetu, binti, tarehe 11 Januari 2011. Wote watatu walimwita Bwana Stoo baba mdogo, na alistahili kuitwa hivyo, tusimdhulumu, homa ikimpata mtoto yeye ndiye aliyefika na pikipiki kabla hata hajaitwa.

Mwaka 2009, tarehe 1 Aprili, kaka alipandishwa kuwa kiongozi wa kikosi cha watu ishirini na wawili, akakitumikia cheo hicho miaka karibu kumi na minne, na katika miaka yote hiyo hakumwacha mtu mlimani. Walioungua walirudi, waliozimia walirudi, wengine juu ya mgongo wake.

Sasa barakoa. Jumatatu tarehe 4 Juni 2012, saa mbili asubuhi, msimu wa moto ukikaribia, kikosi kilipangwa gwaride kwenye uwanja wa kituo mbele ya wakaguzi, zikatolewa barakoa ishirini na mbili, za mpira mweusi, za kufunika pua na mdomo, zenye vichujio viwili vya duara mashavuni, kila moja kwenye nailoni yake, kila moja na namba, na ya kaka ilikuwa namba 17. Waliambiwa wazishike kifuani zikiwa ndani ya nailoni zao, kama wahitimu wanavyoshika vyeti, wakapigwa picha. Kisha kikaja kitabu cha stoo, kila mtu akatia saini chini ya maneno haya, tunayasoma yalivyo: "Nimekabidhiwa barakoa moja kamili na vichujio viwili." Wakaguzi walikunywa chai, wakaondoka. Kabla hata gari lao halijakunja kona, Bwana Stoo akapita mstari kwa mstari ameshika gunia, na barakoa zikarudi humo moja moja.

Sababu ilitolewa, na siku ile ilionekana sababu nzuri. Ukishachana nailoni vichujio vinaanza kuchoka, vya kubadilisha havikuagizwa, kwa hiyo zitunzwe stoo mpaka siku ya moto mkubwa. Kaka hakuridhika, aliuliza mbona basi wanatia saini. Bwana Stoo akamshika bega, akamwambia, "Ndugu yangu, saini tu. Mimi si nipo? Ukizihitaji utanipigia, nakuletea mwenyewe." Kaka akasaini. Na kwa kuwa yeye amesaini, wote walisaini, na yule kijana mmoja aliyegoma, kaka mwenyewe ndiye aliyempa kalamu, akamwambia asiwe mkaidi, hawa ni wenzetu. Tutasema ukweli wote hapa, hata unaotuuma, maana na wao wenyewe walizicheka zile barakoa, walisema mtu akivaa anafanana na nzi, walisema huwezi kupiga kelele ukasikika. Aliyejua hatari ya moshi hakuwaambia, basi wakacheka.

Ikawa desturi ya kila Juni, gwaride, picha, saini, gunia. Mwaka baada ya mwaka, saa mbili zinatoka, saa nne zimerudi.

Moto mkubwa ulikuja tarehe 17 Septemba 2015, siku tisa, ekari elfu tatu, moshi ulionekana hata kutoka hapa mtaani, na siku ya tatu ya kuzima masalia watu wake wakaanza kutapika, wawili wakaanguka. Kaka alimpigia simu Bwana Stoo mara saba. Haikupokelewa. Akaingia kwenye redio, akaomba barakoa ishirini na mbili, na jibu alilopewa lilipita mdomoni mwa mke wake mwenyewe, maana yeye ndiye aliyekuwa zamu siku hiyo, akasoma kikaratasi alichopewa na mkuu: "Huo bado si mkubwa." Wifi yupo hapa, anaweza kuwaambia alivyoyatamka maneno yale na baada ya kuyatamka alifanya nini. Alivua vile visikizio vya masikioni, akaenda chooni kulia.

Mkuu, kaa tu, usisimame. Hatujafika mwisho.

Bwana Stoo alikuja nyumbani kaka aliporudi, alisema simu ilikuwa kwenye chaji chumba cha pili, na kaka akamwambia, "Yameisha hayo." Mdogo wake akamfokea kaka jikoni kwamba anamdekeza mtu, kaka akajibu, "Huyo ndugu yangu, fundi. Angeweza angeleta." Aliamini hivyo, na Juni iliyofuata akasaini tena.

Kikohozi kilianza mwaka 2017, kikavu, cha asubuhi. Mwaka 2019 alishindwa kumaliza kilima cha mazoezi, yeye aliyekuwa akikipanda huku anaimba kuwakera vijana, na kuanzia hapo alianza kulala ameegemea mito mitatu. Tarehe 11 Oktoba 2021 alilazwa katika hospitali ya mkoa, wodi ya kifua, akapigwa picha, na daktari bingwa akaiinua kwenye mwanga akamuuliza anavuta pakiti ngapi za sigara kwa siku. Kaka alicheka mpaka akakohoa, mpaka nesi akaja. Hakuwahi kuvuta hata moja, mkewe angemfukuza nyumbani. Daktari akauliza, "Kazini mlikuwa mnavaa nini usoni?" Kaka akaingiza mkono mfukoni akatoa kitambaa chekundu kilichokunjwa vizuri, akakiweka mezani, akasema kwa fahari kabisa, "Hiki. Kakishona huyu hapa, mdogo wangu."

Daktari alikishika, akakigeuza. Kisha akaeleza kwa upole kwamba kitambaa kinazuia majivu makubwa na cheche, lakini ule moshi wenyewe unapita humo kama unga unavyopita kwenye wavu wa samaki, na hewa yake ya sumu haizuiwi hata kidogo, na ukikilowanisha karibu na moto unavuta mvuke wa moto juu yake. Akaeleza pia kwamba maziwa yanakwenda tumboni, hayafiki kwenye mapafu. Kaka aliuliza swali moja tu, je barakoa ya vichujio ingesaidia, na daktari akasema isingemaliza kila kitu, lakini ingezuia sehemu kubwa ya kile kilichomtia makovu mapafuni, hasa kwenye masalia. Huyu anayewasomea alirudi nyumbani siku ile akalifungia cherehani lake, na hajashona kitambaa kingine chekundu.

Aliendelea kuripoti kazini, mwili ukikataa, na Jumatatu tarehe 6 Juni 2022 alisimama gwaride la mwisho akiwa ameegemea nguzo ya bendera, akatia saini ya kumi na moja. Alipoulizwa na mkewe kwa nini, baada ya yote aliyoyajua, alisema alikuwa na haya mbele ya vijana wake, maana ndiye aliyewazoesha kusaini. Kwa hilo alijilaumu mpaka mwisho. Tarehe 28 Februari 2023 aliachishwa kazi kwa ugonjwa.

Kuanzia hapo alikuwa na ombi moja. Hakuomba kiti wala nishani. Aliomba kamati ya afya kazini iandike sentensi moja, kwamba ameugua kutokana na moshi wa kazi yake, kwa sababu sentensi hiyo ikiandikwa, kikosi kizima lazima kipimwe mapafu, na barakoa lazima zitoke kwenye gunia. Alikuwa akisema, "Mimi nimeshakwenda na maji. Hawa ishirini na moja bado."

Kikao kilifanyika Alhamisi tarehe 14 Septemba 2023, saa nne asubuhi, chumba cha mikutano cha juu, ngazi thelathini na sita, na kaka alizipanda kwa dakika ishirini akipumzika kila ngazi ya nne. Alikuwa na amani, kwa sababu shahidi aliyeitwa alikuwa Bwana Stoo. Alimwambia mkewe ngazini, "Leo itaisha, mwenzangu yupo ndani."

Bwana Stoo alifungua kitabu, akaonyesha saini kumi na moja, akasema, "Barakoa alikabidhiwa. Saini ni zake." Mwenyekiti akauliza kama kuna mahali panapoonyesha kwamba zilirudishwa. Akasema, "Kitabu hiki hakionyeshi." Kaka akamgeukia, akamwambia kwa ile pumzi ndogo aliyokuwa nayo, "Si wewe uliyekuwa unashika gunia?" Na yule mtoto wa geti la bluu, msimamizi wa harusi, baba mdogo wa watoto wake, akaziangalia funguo zake mezani, hakuinua uso. Kamati ikaandika sentensi moja kweli. Iliandika, "Mtumishi alipewa kinga akazembea kuitumia."

Jamani, mnajua neno mzembe lilivyomwingia mtu yule? Mtu aliyekunja shati la kazi kwa mikunjo minne? Hakulia. Alirudi nyumbani, akaomba kiti chake kisogezwe dirishani, mahali panapoonekana barabara, na kila Jumapili akamwambia kitinda mimba afungue pazia. Tulidhani anataka hewa. Mpaka siku moja mtoto akamuuliza anamngoja nani, akasema, "Baba yako mdogo. Atakuja tu, ana aibu." Alimngoja miezi kumi na saba. Kutoka nyumba yenye geti la bluu mpaka pale ni hatua mia tatu, kitinda mimba alizihesabu.

Januari 2024 alianza kutumia mtungi wa oksijeni, mwanzoni usiku tu, kisha kutwa. Vijana wake walikuja kwa zamu kubadilisha mitungi, na kila aliyekuja aliambiwa jambo lilelile, Juni ikifika usisaini, na yule aliyewahi kupewa kalamu kwa nguvu, kaka alimshika mkono akamwomba radhi. Alituacha Jumatano tarehe 19 Februari 2025, saa nane na dakika ishirini mchana, kitandani kwake, akiwa na umri wa miaka hamsini, miezi kumi na moja na siku kumi. Pazia lilikuwa wazi.

Jana Ijumaa, saa kumi alasiri, Bwana Stoo alifika. Alipitia mlango wa jikoni, kama alivyozoea, ameshika mfuko wa plastiki. Akauweka juu ya meza ya cherehani, ndani mna barakoa namba 17, bado kwenye nailoni yake, na daftari dogo la jalada la kijani. Ni daftari lake mwenyewe la stoo, alilokuwa akiandika kila siku kilichotoka na kilichorudi asije akasingiziwa, mwandiko wake, tarehe kwa tarehe. Tunawasomea mstari mmoja, kumi iliyobaki imefanana nao. "4/6/2012. Barakoa zimetoka 22, saa 2. Zimerudi 22, saa 4. Hakuna iliyofunguliwa."

Lilikuwa kwenye droo yake siku ile ya kikao. Lilikuwa kwenye droo Jumapili zote zile. Mdogo wake marehemu alimuuliza kwa nini, akasema aliambiwa akilitoa atatoka nalo, na alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu, akasema, "Niliogopa, dada." Dada akamjibu kwamba hata Upepo aliogopa, aliogopa kufa anaitwa mzembe, na wewe ulikuwa na dawa yake kwenye droo. Akaomba asamehewe. Familia haijamsamehe, na tusije tukawadanganya watu mbele ya jeneza. Aliombwa aje alisome hili daftari mwenyewe hapa, akasema hataweza, basi yupo pale nyuma, kwenye mlango wa turubai, amesimama, msimpe kiti wala msimfukuze. Siku ya kikao hakusema. Jumatatu atasema.

Tunakuja kwenye shukrani. Tunamshukuru daktari bingwa wa kifua na manesi wa wodi ile, hasa nesi wa zamu ya mchana aliyemfundisha wifi kufunga mtungi. Tunawashukuru majirani waliozima majiko yao ya mkaa upande wa dirisha letu bila kuombwa, mwaka mzima, hilo hatutalisahau. Tunawashukuru vijana ishirini na mmoja wa kikosi, ambao ndio watakaobeba jeneza. Ofisi imeomba ishukuriwe pia, imejiandikia aya nzima, na sisi tunaishukuru kwa karatasi yake nzito.

Vijana, mmekuja mmefunga vitambaa vyekundu shingoni kwa heshima ya kiongozi wenu, na fundi aliyevishona ameviona tangu asubuhi, moyo umemchoma. Anawaomba kabla hamjainua jeneza mvivue, mviweke kwenye kikapu hiki hapa miguuni pake, vyote, hata vile vya akiba mlivyoacha nyumbani mtavileta. Alivishona kwa upendo na havikumlinda kaka yake, basi anavitaka.

Na mtakaopita kuaga, hapa kwenye meza ndogo kando ya jeneza ipo barakoa namba 17, itazameni. Ni safi, haina hata sizi. Hatutamzika nayo, na asijaribu mtu kuivaa, tarehe iliyochapwa kwenye vichujio inaonyesha viliisha muda mwaka 2015, vikiwa ndani ya gunia. Baada ya mazishi itakaa juu ya cherehani pamoja na daftari la kijani hadi Jumatatu tarehe 24 Februari, ambapo wifi, huyu anayesoma, vijana wote ishirini na mmoja na Bwana Stoo watapanda zile ngazi thelathini na sita, na hatutateremka bila ile sentensi yako uliyoiomba.

Wewe pumzika, Upepo, kaka yetu. Hiyo amani tunaifuata sisi, Jumatatu, saa mbili asubuhi.